Waliopona bila nyungu tunawahesabu wapi?

Katikati ya Januari 2025 tulipata habari zilizoonekana kugongana. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuna wagonjwa mkoani Kagera wanaoshukiwa kuwa na virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba mgonjwa mmoja wilayani Biharamulo amekutwa na Marburg. Huku Arusha, mbali kabisa na Biharamulo, hukumu ilitoka haraka kwenye daladala na vijiwe vya kahawa. Wengine walisema tulikuwa tunafichwa, na wengine wakasema ugonjwa umetungwa ili fedha za wafadhili zipatikane. Wachache mno walisema jambo ambalo ni la kawaida katika maabara yoyote: sampuli za kwanza zinaweza kuwa safi kwa haki kabisa, na nyingine ya siku chache baadaye ikakutwa na virusi kwa haki ileile, kwa sababu hazikutoka kwa mtu mmoja wala hazikuchukuliwa siku moja.

Maofisa wetu wana jina moja kwa hali hiyo, nalo ni imani potofu. Kila ugonjwa wa mlipuko unapotangazwa, wananchi huambiwa waziache, wafuate maelekezo ya wataalamu, wanawe mikono. Nadhani jina hilo limekosea ugonjwa tunaotaka kuutibu. Watu wa Arusha na Moshi wanafikiri sana kuhusu afya zao, tena wanafikiri kwa ushahidi walioushuhudia kwa macho yao. Kinachokosekana ni hatua moja tu ya kufikiri, nayo ni kulinganisha: kumtazama aliyefanya jambo pamoja na yule ambaye hakulifanya, kabla ya kusema jambo lenyewe limefaa. Hatua hiyo ndiyo moyo wa sayansi ya tiba, na ndiyo ambayo elimu ya afya tunayopewa haiigusi kabisa. Tunapewa hukumu bila kuonyeshwa kesi ilivyosikilizwa.

Nianze na nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani, kwa kuwa hapo hoja inaonekana wazi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa hapa Arusha, baada ya kushuka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Idadi za kitaifa za wagonjwa ziliacha kutolewa mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, na hesabu rasmi zikabaki kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tukaishi zaidi ya mwaka bila hesabu yoyote. Katika ukimya huo kujifukiza kukawa dawa ya kila nyumba. Februari 2021, wakati watu walipokuwa wakizikwa na msiba ukitajwa kwa jina la upole la "changamoto ya upumuaji", nilikwenda Soko la Kilombero kumnunulia mgonjwa wangu mafungu ya kujifukizia. Fungu moja lilikuwa na majani ya mkaratusi, mchaichai na majani ya mpera, yamefungwa kwa utepe wa gome la mgomba, na juu yake malimao mawili na kipande cha tangawizi. Mama aliyekuwa akiuza alinihakikishia kuwa wateja wake wote wamepona. Nikamuuliza kuhusu wale ambao hawakupona. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hao hawarudi kwangu. Nitawajuaje?"

Jibu hilo nimelibeba miaka yote hii, kwa sababu yule mama alisema kwa sentensi mbili kile ambacho vitabu vya takwimu hukieleza kwa sura nzima. Walio wengi kati ya waliopata korona walipona wenyewe, wawe wamejifukiza, wamekunywa maji ya moto, wamemeza vidonge vya maumivu au hawakufanya lolote. Kwa hiyo kila aliyejifukiza na kupona ana habari njema ya kusimulia, na habari hiyo ni ya kweli tupu: aliugua, akajifukiza, akapona. Kinachobaki hakijulikani ni kama angepona bila nyungu, na hilo haliwezi kujibiwa na yeye, hata awe mkweli namna gani. Linajibiwa na watu wa pande mbili waliohesabiwa kwa pamoja. Aliyekufa chini ya blanketi la nyungu hana wa kumsimulia, na aliyepona bila nyungu haoni cha kusimulia. Masikioni mwetu hufika kundi moja tu kati ya makundi manne: waliojifukiza wakapona, waliojifukiza wakafa, wasiojifukiza wakapona, na wasiojifukiza wakafa.

Mkoa wa Arusha ulikwisha kupata somo hili kwa gharama kubwa karibu miaka kumi kabla ya korona. Mwaka 2011 barabara ya vumbi ya kwenda Samunge, Loliondo, ilijaa magari kwa kilomita nyingi, watu wakienda kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kikombe kilitokana na mti wa mugariga, na kilisemwa kutibu kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na Ukimwi. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi waliporudi nyumbani. Wengi walirudi wakishuhudia nafuu, nami sina sababu ya kuwaita waongo. Magonjwa sugu hupanda na kushuka, na mtu hufunga safari ndefu ya kutafuta tiba siku alizozidiwa, kwa hiyo mara nyingi siku zinazofuata zitakuwa na nafuu hata angekunywa maji matupu. Ongeza matumaini, ongeza kuwa miongoni mwa maelfu wenye imani moja, na mwili hujisikia mwepesi kweli. Lakini sukari kwenye damu haisikii ushuhuda. Ilipaswa kupimwa kabla na baada, kwa waliokunywa na kwa wasiokunywa.

Neno ushuhuda nimelitumia kwa makusudi. Katika makanisa ya huku kwetu ushuhuda una mahali pake pa heshima: mtu husimama, hueleza alikotoka na alikofikia, na kusanyiko humshukuru Mungu pamoja naye. Hiyo ni shukrani, na shukrani haihitaji kundi la kulinganisha. Tatizo huanza shukrani inapogeuzwa kuwa kipimo cha dawa. Ndiyo maana siwaweki viongozi wa dini wote kapu moja na wapinga sayansi. Januari 2021, wakati serikali ikisema ugonjwa umekwisha, ni Baraza la Maaskofu Katoliki lililotoa waraka kuwatahadharisha waumini kuwa korona bado ipo. Waliona vifo vikiongezeka, wakalinganisha na nyakati za nyuma, wakasema. Hiyo ni sayansi, ijapokuwa haikutoka maabara.

Wala wenye makoti meupe hawana kinga dhidi ya kosa hili. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani zaidi ya asilimia 60. Vipimo makini viliiona malaria kuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki yalikutwa maradhi mengine: maambukizi ya bakteria kwenye damu, chikungunya, brusela, homa ya Q, na ile ambayo sasa tunaiita homa ya mgunda (leptospirosis). Haya ni maradhi ambayo baadhi yake mtu huyapata kwa mifugo na panya wa nyumbani kwake mwenyewe. Tafakari maana yake kwa mji ambao kila familia ilikuwa na mtu mwenye "malaria sugu" au "malaria iliyojificha". Daktari alitoa dawa ya malaria, wagonjwa wengi wakapona kwa sababu homa nyingi hupoa zenyewe, na kila aliyepona akaongeza uhakika wa daktari. Ni nyungu ileile, ila imeandikwa kwenye cheti na kupigwa mhuri. Daktari alikosea kwa sababu ileile iliyomkosesha muuza mafungu: aliona upande mmoja wa hesabu. Kilichomwokoa ni kipimo na mlinganisho.

Sasa niitazame hoja ya mapapai, ambayo bado inatajwa kwa majivuno au kwa kicheko, na pande zote mbili naona zinaikosa maana yake. Mei 2020 Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikaleta majibu ya kuwa na korona. Waliocheka walisema swali lenyewe lilikuwa la kijinga. Si kweli. Kuipelekea maabara sampuli ambayo jibu lake unalijua, bila maabara kujua, ni njia halali ya kuikagua. Kosa lilikuwa kwenye hitimisho. Papai likionekana lina virusi, unajua kuwa mahali fulani kati ya ukusanyaji, kifaa na mikono ya mpimaji kuna uchafuzi au hitilafu. Unasafisha, unarudia, unapeleka sampuli nyingine zisizo na virusi pamoja na zile zenye virusi kwa hakika, halafu unaona. Papai haliwezi kukwambia kama mtu aliyelazwa akikosa pumzi anaumwa au haumwi.

Hata kipimo kizuri, kikipimwa kwa watu wengi wasio na ugonjwa, huleta majibu ya kupotosha. Chukua mfano wa kufikirika. Wapime watu 1,000, ambao 10 tu ndio wagonjwa, kwa kipimo kinachowanasa wagonjwa 9 kati ya 10 na kumsingizia asiye na ugonjwa mara 2 katika kila 100. Kitawanasa wagonjwa 9, na kitawasingizia karibu watu 20 kati ya wale 990 wasio na ugonjwa. Kati ya watu 29 walioambiwa wanaumwa, theluthi mbili ni wazima. Kipimo hakijaharibika, na wala hakuna aliyedanganya. Mwananchi aliyeonyeshwa hesabu hiyo mara moja kwa utulivu hatashtuka siku atakaposikia majibu ya kwanza yamerudiwa na kubadilika. Asiyeonyeshwa atasema tunachezewa, na sina la kumlaumu.

Zipo hoja dhidi yangu, na baadhi nazichukulia kwa uzito mkubwa. Ya kwanza ni ya muda: mlipuko ukitokea, hakuna nafasi ya darasa, kinachotakiwa ni amri. Nakubali kabisa kuhusu siku ya mlipuko. Kagera mwaka 2023 Marburg iliwapata watu 9 na kuua 6, na ilidhibitiwa kwa sababu waliokaribiana na wagonjwa walifuatiliwa nyumba kwa nyumba. Hata hivyo amri ya kukaa chini ya uangalizi siku 21 humezwa kwa urahisi zaidi na mtu anayejua kwa nini ni 21 wala si 5 au 40: virusi hivyo huchukua kati ya siku 2 na 21 tangu kuingia mwilini hadi dalili kuonekana, basi aliyevuka siku hizo akiwa mzima yuko salama. Maelezo hayo ni sentensi moja. Tena kuna miaka mizima kati ya mlipuko mmoja na mwingine, na katika miaka hiyo hatufundishani kitu.

Hoja ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Daktari mmoja ninayemheshimu alinieleza kuwa ukimfundisha mtu kuuliza "mnajuaje?", ataanza na muuza nyungu na kumalizia kwa kukataa chanjo ya mwanawe. Huenda kwa baadhi ya watu ikawa hivyo. Lakini tutazame kilichotokea tulipochagua njia ya kutoeleza. Julai 2021 nchi ilipokea dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Kabla ya hapo, Aprili, Marekani ilikuwa imesimamisha chanjo hiyo kwa muda baada ya watu 6 kupata damu kuganda kwa namna ya nadra, kati ya dozi zipatazo milioni 6.8. Habari hiyo ilikuwa tayari kwenye simu za watu wa Sakina na Majengo, bila ile namba ya milioni. Kwa kuwa kwenye foleni ya chanjo hakuna aliyeitamka, ikageuka siri, na siri huaminiwa kuliko tangazo. Lau ingetamkwa, mtu angeona mambo mawili kwa mpigo: kwamba madhara yapo ila ni haba mno, na kwamba kuna watu wanahesabu kwa umakini wa kugundua wagonjwa sita katika mamilioni. Angeelezwa pia jinsi chanjo ilivyojaribiwa, kwamba watu wapatao 40,000, wakiwamo wa Afrika Kusini, waligawanywa kwa kura, nusu wakachomwa chanjo na nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua amechomwa nini hadi hesabu ilipofunguliwa. Nimewauliza wengi waliojitolea mkono mwaka ule kama kuna aliyewaeleza hivyo. Sijampata hata mmoja.

Wengine husema sayansi hubadili maneno, basi haijui. Shirika la Afya Duniani halikuwa likishauri barakoa kwa umma mwanzoni mwa 2020, likabadili ushauri Juni. Ushauri uliobadilika baada ya ushahidi kuongezeka ndio wa kuaminiwa, ila lawama wanastahili wataalamu waliouzungumza ushauri wa Machi kana kwamba hautabadilika.

Ipo hoja nyingine, kwamba kudai ushahidi ni kudharau miti shamba ya wazee wetu. Pakanga inaijibu. Dawa mseto ya malaria tunayomeza chimbuko lake ni mmea huo, uliotajwa katika tiba za jadi za Uchina, na mtafiti wa huko, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuutoa kwenye jadi na kuupitisha kwenye majaribio. Mkaratusi wetu wa nyungu nao unastahili heshima hiyo ya kulinganishwa. Na anayeona kulinganisha ni jambo la kigeni akumbuke kuwa majaribio yaliyofupisha tiba ya kifua kikuu hadi miezi sita yalifanyika kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Mgonjwa anayemaliza dozi yake leo katika hospitali ya Kibong'oto, ambayo imekuwa ikiuguza kifua kikuu tangu 1926, anamaliza mapema kwa sababu ya wagonjwa waliokubali kuhesabiwa wakati ule.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: hatukufunga nchi, hatukuvaa barakoa, na hatukuisha, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa maneno. Anayesema hivyo anadai kujua idadi ya vifo katika nchi iliyoacha kuhesabu. Daftari lisiloandikwa halisomeki sifuri. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15, na korona iliwaua zaidi wazee, kwa hiyo huenda tulinusurika kwa ujana wetu. Lakini hilo ni jambo jingine kabisa, na ni faraja ndogo kwa ukoo uliozika babu na bibi katika mwezi mmoja.

Kuna wanaosema mwananchi wa kawaida hawezi kufikiri kwa mlinganisho. Hao ningewaomba wapande nami hadi kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya Machame au Marangu. Mkulima wa kahawa aliyeteswa na chulebuni, ugonjwa wa kahawa, hakuikubali miche mipya kwa sababu bwana shamba alimwambia. Alipanda michache pembeni ya ile ya zamani, kwenye udongo uleule, chini ya mvua ileile, akaitazama misimu kadhaa, ndipo akang'oa. Tuna hata jina la utaratibu huo, shamba darasa, na hakuna mkulima anayeelekezwa maana yake mara mbili. Ukimwambia kuwa mche mpya umezaa vizuri, swali lake la kwanza ni kama wa zamani pembeni yake umezaaje mwaka huo, maana huenda mvua tu ilikuwa njema. Mtu huyohuyo akishuka mjini na kikohozi, hatuzungumzi naye kwa akili hiyo. Tunampa bango lenye picha ya mikono na sabuni.

Shule nazo zina sehemu yao. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa hatua za uchunguzi wa kisayansi, anazikariri kwa mpangilio na anazijibu kwenye mtihani, tena kwa Kiingereza. Jioni anarudi nyumbani ambako homa, nyungu, chanjo na kifo huzungumzwa kwa Kiswahili, Kichaga, Kimeru au Kimaasai, na hatua zile hazina mahali pa kukanyaga. Nimewahi kumwuliza kijana aliyepata alama A ya Biolojia kama kujifukiza kulimponya. Akasema ndiyo, kwa sababu alijifukiza akapona. Hakuona kwamba swali langu na somo lake vilihusiana. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza ujuzi kuliko kukariri, na huo ni mlango. Kazi ya nyumbani ya wiki moja, kwa Kiswahili, ya kuwahoji majirani 20 waliougua mafua kuhusu walichotumia na siku walizougua, wakiwamo wasiotumia chochote, ingemfundisha mtoto zaidi ya ukurasa mzima wa fasili.

Kwa upande wa wizara na halmashauri, ninachodai hakihitaji bajeti mpya. Tangazo la mlipuko lingekuwa na sehemu nne fupi: tunachojua, tulivyokijua, kinachoweza kubadilika katika wiki zijazo, na cha kufanya leo. Leo tunapewa ya kwanza na ya mwisho tu. Lau Januari 2025 wananchi wangeambiwa kuwa sampuli za mwanzo hazikuonyesha virusi, kwamba nyingine zinaendelea kukusanywa, na kwamba jibu linaweza kugeuka ndani ya siku chache, tangazo la tarehe 20 lingepokewa kama hatua iliyotarajiwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita Ngarenaro au Pasua naye anaweza kufundishwa kuanza mazungumzo kwa swali. Badala ya kumwambia mama aache kumpa mtoto majani, amuulize ni watoto wangapi mtaani waliharisha mwezi huu, wangapi walipewa majani hayo, wangapi hawakupewa, na wote waliendeleaje. Aandike majibu kwenye daftari mbele ya mama huyo, katika safu mbili. Na kama safu ya waliopewa majani ikionekana kufanya vizuri zaidi, alipeleke daftari hilo zahanati, na pale zahanati awepo mtu wa kulisoma.